Kubeba Programu Hadi Longisa

Anayetoka Longisa, kaunti ya Bomet, kwenda Mosoriot hupita Bomet mjini, Kaplong, Litein na Kericho, mashamba ya chai yakimsindikiza kwa sehemu kubwa ya njia, kisha hushuka kwenye miwa ya Chemelil na kupanda tena milima ya Nandi hadi Kapsabet. Mosoriot iko mbele ya hapo, kwenye barabara ya Eldoret. Mwanzoni mwa karne hii palikuwa na kituo cha afya kama vingine vya mashambani: foleni, vitabu vikubwa vya kumbukumbu, na jina la mgonjwa mmoja kuandikwa upya kila anapofika dirisha jingine. Februari 2001 ukawashwa hapo mfumo wa kompyuta wa kumbukumbu za wagonjwa, kazi ya pamoja ya Chuo Kikuu cha Moi cha Eldoret na Chuo Kikuu cha Indiana cha Marekani. Miongoni mwa walioandika ripoti yake ni Joseph Rotich wa Moi na William Tierney wa Indiana. Hifadhidata yao ilikuwa Microsoft Access, programu ya kawaida ya ofisini, na kwa kuwa stima haikuaminika, umeme wa akiba uliwekwa wa zaidi ya aina moja.

Katika miezi 6 ya kwanza ziara 10,000 za wagonjwa 6,190 ziliingizwa kwenye mfumo huo. Muda ambao mgonjwa alikaa kituoni ulipungua kwa asilimia 22. Matokeo hayo yalichapishwa mwaka 2003 katika jarida la wataalamu wa tarakilishi za tiba, na kwa muda Mosoriot ikawa jina linalotajwa na watu ambao hawangeweza kuionyesha kwenye ramani.

Historia ya kontena za programu kwa kawaida huanzia California, na hapo kwenyewe tutafika. Lakini swali ambalo kontena zilikuja kulijibu liliulizwa mapema zaidi, na kwa uchungu zaidi, huku kwetu: programu inayofanya kazi vizuri pale ilipotengenezwa itabebwaje hadi mahali pengine, bila mtengenezaji kuja nayo, na iendelee kufanya kazi vilevile? Huko Mosoriot mfumo ulikuwa mmoja na waliouunda walikuwa karibu. Shida ilianza ulipotakiwa kuenea.

Mwaka huohuo wa 2001 washirika hao wa Eldoret na Indiana walianzisha AMPATH, mpango wa kutibu watu wanaoishi na virusi vya UKIMWI magharibi mwa Kenya. Wagonjwa wakaongezeka kwa kasi, kliniki zikaongezeka, na Access ikaanza kuelemewa. Mwaka 2004 Burke Mamlin na Paul Biondich wa Taasisi ya Regenstrief huko Indianapolis walichora upya mfumo mzima, wakaungana na Hamish Fraser wa shirika la Partners In Health, aliyekuwa akipambana na tatizo lilelile kwingineko. Kazi yao ikaitwa OpenMRS. Msimbo wake uliachwa wazi kwa yeyote kuuchukua, kuusoma na kuubadilisha. Februari 2006 ulianza kutumika Eldoret. Kabla ya mwaka kuisha ulikuwa umefika Rwinkwavu, Rwanda, na Richmond, Afrika Kusini.

Sasa fundi aliyetumwa kuusakinisha alikuwa na kazi ya namna gani? OpenMRS imeandikwa kwa lugha ya Java, kwa hiyo kompyuta ilihitaji Java kwanza, na toleo lake halisi. Juu ya Java ikahitajika Tomcat, programu inayoupeleka mfumo kwenye kivinjari cha mtumiaji. Pembeni ikahitajika MySQL ya kuhifadhi data, nayo ina matoleo yake, mipangilio yake ya herufi, na nywila zake. Toleo la 2.0 la OpenMRS, la mwaka 2016, lilidai Java 8. Seva yenye Java ya zamani haikuweza kulibeba, na ukiipandisha Java hiyo huenda programu nyingine iliyokuwa ikiitegemea ikazima. Fundi akimaliza kliniki ya kwanza alikuwa ameandika kurasa za maelezo. Akifika ya pili alikuta toleo jingine la Linux, na nusu ya maelezo hayafai. Duniani kote watengenezaji programu wana jibu moja la kujitetea wanapopigiwa simu kuhusu hitilafu za aina hii: kwangu inafanya kazi. Ni kweli, kwake inafanya kazi. Yeye yuko mjini, na seva iko kilomita mia kadhaa, mwishoni mwa barabara ya murram.

Mwaka 2012 Wizara ya Afya ya Kenya na washirika wake wakatoa KenyaEMR, tawi la OpenMRS lililotengenezwa kwa ajili ya vituo vya serikali, hasa kliniki za virusi vya UKIMWI. Kutoka mfumo wa kliniki za mpango mmoja ikawa sasa ni mfumo wa nchi, na kila kituo kilichojiunga kilikuwa seva nyingine ya kujengwa, kuhudumiwa na kusasishwa kwa mikono.

Usafirishaji wa programu wenyewe ulikuwa na historia yake. Kabla ya nyaya za chini ya bahari kufika, intaneti ya Kenya ilitegemea setilaiti, ghali na ya kujikokota. Mkongo wa SEACOM uliwashwa Mombasa Julai 2009, ule wa TEAMS ukafuata mwaka huohuo. Kabla ya hapo kupakua mfumo mzima wa uendeshaji kulikuwa ndoto. Kampuni ya Canonical, inayotengeneza Ubuntu, ililitambua hilo: kuanzia 2005 hadi 2011 ilimtumia bure kwa posta diski ya CD kila aliyeomba, popote alipo. Vijana wengi wa Afrika walioijua Linux katika miaka ile waliipokea kwenye bahasha, kaunta ya posta. Sioni aibu kusema kwamba huo ndio uliokuwa usambazaji wa programu wenye heshima kuliko wowote uliowahi kutufikia: kitu kizima, kimefungwa, kinachofanya kazi bila mtandao.

Wakati huo ukuta ambao kontena zingeegemea ulikuwa ukijengwa tofali moja baada ya jingine, na wajenzi wake hawakuwa wakijuana.

Tofali la kwanza ni la 1979. Katika toleo la saba la Unix, kwenye maabara za Bell, iliongezwa amri ya `chroot`, inayoifanya programu iamini kwamba folda fulani ndiyo mzizi wa diski nzima. Programu iliyofungiwa humo haioni faili zilizo nje. Haikuwa gereza madhubuti, maana mjanja aliyekuwa na mamlaka ya mtumiaji mkuu aliweza kutoka, lakini wazo lilikuwa limezaliwa. Ilichukua zaidi ya miaka 20 kupata ukuta wa kweli. Machi 2000 FreeBSD 4.0 ilitoka na kitu walichokiita jela, kazi ya Poul-Henning Kamp wa Denmark, ambapo kila kundi la programu lina faili zake, watumiaji wake na anwani yake ya mtandao. Waliokihitaji walikuwa wenye biashara ya kukodisha seva: wateja wengi, mashine moja, na hakuna mteja anayepaswa kumwona mwenzake.

Linux ilichukua njia ya taratibu. Kerneli yake, ule moyo unaogawa kumbukumbu, diski na prosesa kwa programu zote, iliongezewa uwezo wa kuificha programu moja isione nyingine. Kwanza mwaka 2002 zikatengwa faili. Baadaye zikatengwa namba za programu zinazoendeshwa, kisha mtandao, na mapema 2013 watumiaji. Lakini kutoonana pekee hakutoshi. Jirani usiyemwona bado anaweza kumaliza maji yote ya bomba. Mwaka 2006 wahandisi wawili wa Google, Paul Menage na Rohit Seth, walianza kuandika namna ya kuwekea kila kundi la programu kipimo chake: kumbukumbu hii tu, sehemu hii tu ya prosesa. Kazi hiyo ikaja kuitwa cgroups, na iliingia rasmi katika kerneli 2.6.24 mwezi Januari 2008.

Januari 2008 hapa kwetu hakuna aliyekuwa akifuatilia matoleo ya kerneli. Bonde la Ufa lilikuwa likiungua baada ya uchaguzi wa Desemba. Programu iliyotoka Kenya mwezi ule ilikuwa Ushahidi, iliyoundwa kwa haraka na Ory Okolloh, David Kobia, Juliana Rotich, Erik Hersman na wenzao ili wananchi waweze kuripoti ghasia kwa ujumbe mfupi na kuziona kwenye ramani. Baadaye iliombwa na nchi nyingi zenye majanga yao, na mwanzoni kila aliyeichukua alilazimika kuisimamisha kwenye seva yake mwenyewe. Swali la Mosoriot tena.

Mwaka huo wa 2008 pia ikatokea LXC, iliyounganisha kuta zile na vipimo vile vikawa chombo kimoja. Kontena za Linux zilikuwepo, basi, miaka 5 kabla ya umaarufu wao. Waliozitumia walikuwa wataalamu. Google yenyewe ilikuwa imehamishia kwenye kontena karibu kila kitu, na mwaka 2014 mhandisi wake Joe Beda angesema hadharani kwamba kampuni huanzisha kontena bilioni 2 kila wiki. Kwa mtu wa kawaida kilichokosekana ni urahisi, na hasa namna ya kumpa mwenzako kontena lako.

Tarehe 15 Machi 2013, huko Santa Clara, California, Solomon Hykes wa kampuni ndogo ya dotCloud alipanda jukwaani kwenye mkutano wa watumiaji wa lugha ya Python. Alipewa dakika 5. Akaonyesha amri moja, `docker run`, iliyofungua kontena, ikachapisha salamu na kutoka. Ukumbini watu walipiga makofi kuliko salamu hiyo ilivyostahili, kwa sababu walikuwa wameelewa walichokiona.

Wakenya wiki hiyo walikuwa na seva nyingine akilini. Uchaguzi mkuu ulikuwa umefanyika tarehe 4, mfumo wa kielektroniki wa kupeperusha matokeo ukakwama, hesabu ikarudi kwenye karatasi, na kesho yake, tarehe 16, kesi ya kupinga matokeo ya urais ikafikishwa Mahakama ya Juu. Uchaguzi huohuo ulizaa serikali za kaunti. Bomet ikapata gavana wake wa kwanza, Isaac Ruto, na afya ikahamia kaunti. Hospitali ya Longisa, iliyokuwa ya wilaya, ikawa hospitali ya rufaa ya kaunti. Maamuzi ya kompyuta ipi inunuliwe na nani aihudumie yalianza kukaribia mlangoni, kutoka Nairobi, katika mwaka uleule ambao chombo cha kuyarahisisha kilikuwa kinazaliwa upande wa pili wa dunia.

Mapinduzi ya Docker, kama chombo hicho kilivyoitwa, hayakuwa ukuta. Kuta zilikuwepo tayari, na matoleo yake ya mwanzo yalitumia LXC ileile chini kwa chini. Jipya lilikuwa imeji: kifurushi kinachobeba programu pamoja na kila inachokitegemea, Java yake, maktaba zake, mipangilio yake, kikiwa kimefungwa kwa jina na namba ya toleo. Kontena ni imeji iliyowashwa. Imeji moja inaweza kuwashwa mara 1 au mara 50, leo au mwakani, na kila mara inaanza ikiwa vilevile. Imeji hujengwa kwa tabaka. Tabaka la chini linaweza kuwa Ubuntu, la juu yake Java, la juu kabisa programu yako. Imeji mbili zinazotumia Ubuntu ileile hugawana tabaka hilo, halipakuliwi mara ya pili wala halihifadhiwi mara mbili. Anayenunua bando kwa megabaiti anajua thamani ya jambo hilo bila kufafanuliwa.

Jina na nembo ya nyangumi aliyepakia masanduku vilitoka bandarini, na kwa mtu wa Bomet mfano huo hauhitaji kusafirishwa mbali. Tarehe 26 Aprili 1956 Malcom McLean, mwenye malori wa Marekani, alipakia masanduku 58 ya chuma kwenye meli Ideal X kutoka Newark kwenda Houston, na gharama ya kushusha na kupandisha shehena ikaanza kuporomoka duniani. Mwaka huohuo mnada wa chai ulianza Nairobi, ukahamia Mombasa mwaka 1969. Chai ya Kapkoros au Mogogosiek leo hufika pwani kwa magunia ya karatasi na kuondoka Kilindini ndani ya kontena, na mwenye winchi hana haja ya kujua kama ndani mna chai, kahawa au maparachichi. Vipimo vya sanduku vinamtosha. Docker iliahidi jambo hilohilo kwa mwenye seva.

Mfano huo una mahali unapokatika, na anayeanza asipojulishwa mapema atachanganyikiwa. Sanduku la chuma lina sakafu yake. Kontena la programu halina kerneli yake, linaazima ya kompyuta iliyolipokea. Ndiyo maana hufunguka kwa sekunde moja au mbili wakati kompyuta pepe kamili, yenye mfumo wake mzima ndani, hungoja kuwaka kama kompyuta halisi na kula kumbukumbu nyingi. Na ndiyo maana makao yake ya asili ni Linux. Kwenye Windows au Mac, Docker huficha Linux ndogo nyuma ya pazia ili kontena zipate pa kukanyaga. Mwenye laptopu ya mtumba yenye kumbukumbu ya GB 4, kama zile zinazouzwa Kericho mjini zikiwa zimetoka Ulaya, afadhali aweke Linux moja kwa moja.

Docker 1.0 ilitoka Juni 2014. Mwezi huohuo Google ilitangaza Kubernetes, mfumo wa kuongoza kontena nyingi kwenye mashine nyingi. Mwaka uliofuata, Juni 2015, kampuni zilizokuwa zikishindana ziliketi chini ya Linux Foundation na kuunda Open Container Initiative ili imeji iwe na vipimo visivyomilikiwa na kampuni moja. Hatua hiyo huzungumzwa kidogo kuliko inavyostahili. Bila hiyo, imeji ya Docker ingekuwa mali ya Docker. Kutokana nayo Red Hat iliweza kuleta Podman, inayosoma imeji zilezile na kutumia amri karibu zilezile, lakini bila huduma kuu inayokaa macho muda wote na bila kuhitaji mamlaka ya mtumiaji mkuu.

Tuseme, basi, kijana wa Longisa aliyemaliza chuo anataka kuanza. Ana Ubuntu. Anafungua terminali na kuandika:

`sudo apt update`
`sudo apt install docker.io`
`sudo docker run hello-world`

Ya tatu ndiyo anayopaswa kuisoma kwa makini, maana jibu lake linaeleza kilichotokea. Docker ilitafuta imeji ya jina hilo kwenye diski, ikaikosa, ikaiendea kwenye ghala la Docker Hub, ikaileta, ikaiwasha, ikapokea maandishi yake na kuyaonyesha. Imeji hiyo ni ya kilobaiti tu, haigusi bando. Akitaka kuingia ndani ya kontena lenyewe aandike `sudo docker run -it ubuntu bash`. Hapo takriban MB 30 zitapakuliwa, naye atajikuta ndani ya Ubuntu nyingine, tupu, ambayo hata amri nyingi alizozizoea haina. Afute humo chochote anachotaka. Akitoka kwa `exit`, laptopu yake iko salama. `sudo docker ps -a` itamwonyesha kontena zote, zilizo macho na zilizolala, na `sudo docker rm` itaondoa asilolihitaji.

Wengi huchoka kuandika `sudo` kila mara, wakajiongeza kwenye kikundi cha `docker`. Wafanye hivyo wakijua: aliye kwenye kikundi hicho ana nguvu sawa na mtumiaji mkuu wa mashine, kwa sababu anaweza kuamuru kontena lifungue diski nzima. Kwenye laptopu yako ni sawa. Kwenye seva ya ofisi inayotumiwa na watu wengi si sawa hata kidogo, na hapo Podman ina hoja.

Kilicho muhimu zaidi kwa mtu anayefikiria hospitali, duka au chama cha akiba na mikopo ni kwamba kontena limeumbwa kutupwa. Kila kilichoandikwa ndani yake hupotea linapoondolewa. Kwa programu hilo ni jema, kwani toleo bovu linatupwa na jipya kuwashwa papo hapo. Kwa data ni maafa. Hifadhidata ya wagonjwa iliyowekwa ndani ya kontena bila hadhari itaondoka nalo siku fundi atakapolibadilisha. Dawa yake ni voliyumu, sehemu ya diski inayoishi nje ya kontena na kuchomekwa ndani: `-v data_ya_kliniki:/var/lib/mysql`. Kontena litakufa na kufufuliwa, data itabaki palepale. Ningekuwa nafundisha darasa ningeanzia hapa, kabla hata ya salamu ile, kwa kuwa makosa mengine yote ya kontena hurekebishika.

Hatua inayofuata ni kujenga imeji yako. Faili iitwayo `Dockerfile` huandikwa mstari kwa mstari: anza na imeji hii, nakili faili hizi, sakinisha hiki, washa kile. Ni kurasa zile za maelezo za fundi wa kliniki ya kwanza, ila safari hii kompyuta ndiyo inayozisoma, nayo hairuki mstari. `docker build -t duka:1 .` hutoa imeji. Programu inapohitaji kontena kadhaa zinazozungumza, hutumika `docker compose`, ambayo husoma faili moja inayozitaja zote.

OpenMRS nayo imefika huko. Kizazi chake cha tatu, ambacho KenyaEMR pia imejengwa juu yake, hugawiwa na faili ya compose yenye huduma nne: lango linalopokea maombi, sehemu ya mbele anayoiona daktari, sehemu ya nyuma yenye Java na Tomcat, na hifadhidata ya MariaDB. Kijana wetu anaweza kuchukua faili hiyo, kuandika `docker compose up`, na baada ya kungoja, maana mara ya kwanza hifadhidata hujijenga yenyewe taratibu, akafungua kwenye kivinjari mjukuu wa mfumo wa Mosoriot. Hakuna kutafuta toleo la Java, hakuna kugombana na Tomcat. Kwenye GB 4 za kumbukumbu laptopu italalamika. Kwenye GB 8 itastahimili. Si mfumo wa kuwekea wagonjwa halisi, na data zake ni za mfano, lakini kwa kujifunza hospitali inavyowekwa kwenye kompyuta hakuna darasa linalouzidi.

Kinachobaki ni bei ya kupakua. Imeji za OpenMRS zikijumlishwa si MB 30 tena, na bando la simu huisha kabla ya tabaka la mwisho. Tena, Novemba 2020 Docker Hub iliweka kikomo: asiyejisajili angepata imeji 100 kwa kila saa 6, kwa hesabu ya anwani ya mtandao. Mitandao ya simu huwapitisha wateja wengi kwenye anwani moja, kwa hiyo unaweza kukataliwa kwa sababu ya watu usiowajua kabisa. Kujisajili bure huondoa sehemu ya usumbufu huo.

Hapa ndipo ninapoona thamani ya kontena kwa mahali kama Longisa, na sioni ikisemwa vya kutosha. Vitabu vya kufundishia husifu kasi na maelfu ya seva. Sisi tuna seva moja. Faida yetu ni `docker save`. Amri hiyo huifungasha imeji, pamoja na tabaka zake zote, katika faili moja ya kawaida:

`sudo docker save -o mfumo.tar jina_la_imeji:toleo`

Faili hiyo inanakiliwa kwenye flashi, inasafiri na matatu hadi kituo kisicho na mtandao, na kule inafunguliwa kwa `sudo docker load -i mfumo.tar`. Mtu mmoja mwenye Wi-Fi nzuri Bomet mjini anapakua mara moja, vituo vingine vinapokea kwa mkono. Ni bahasha ya CD ya Ubuntu imerudi, ila sasa ndani mna mfumo wa hospitali ulio tayari kuwashwa. Angalizo dogo ambalo huwatoa watu jasho: flashi nyingi huuzwa zikiwa zimepangwa kwa FAT32, isiyopokea faili inayozidi GB 4, na kunakili hukwama njiani bila maelezo ya kueleweka. Ipange upya kwa exFAT, au ibane faili kwa `gzip` kabla ya kuihamisha.

Kizuizi kingine hakibanwi kwa `gzip`. Wenye bajeti ndogo hupenda kuweka seva kwenye Raspberry Pi, kikompyuta cha ukubwa wa kiganja kinachotosheka na umeme kidogo, hata wa sola. Prosesa yake ni ya aina ya ARM, wakati laptopu nyingi ni za aina ya Intel na AMD. Imeji iliyojengwa kwenye laptopu itapakiwa kwenye Pi vizuri tu, kisha itakataa kuwaka, kwa sababu maelekezo yaliyomo ni ya prosesa nyingine. Ahadi ya kufanya kazi popote ilikuwa na mpaka huo tangu mwanzo. Tangu 2017 imeji rasmi za Docker Hub zimekuwa zikitolewa kwa aina kadhaa za prosesa chini ya jina moja, na Docker huchagua inayofaa yenyewe. Imeji yako mwenyewe hainufaiki na mpango huo usipoijengea kila aina, kwa `docker buildx build --platform linux/amd64,linux/arm64`, na kazi hiyo kwenye laptopu ya mtumba huchukua muda mrefu, kwani nusu yake hufanywa kwa kuiga prosesa ambayo laptopu haina. Anayebeba flashi kwenda kwenye Pi anapaswa kuuliza aina ya prosesa kabla ya kupanda matatu.